Kumfunga Farasi kwenye Trela Kambini

Trela la farasi limetengenezwa kwa ajili ya barabara. Linapoegeshwa kambini na farasi akafungwa ubavuni mwake usiku kucha, linageuzwa kuwa ukuta wa banda, kazi ambayo halikuundiwa. Lina kingo za bati, bawaba, madigadi, vishikizo vya milango na nyaya za taa, na karibu vyote viko kwenye kimo cha mguu au cha shingo ya farasi. Hata hivyo desturi hii imeenea sana magharibi mwa Marekani, kwa kuwa trela huwapo popote msafiri anapofika, hata jangwani kusiko na mti wa kufungia. Katika mashindano ya masafa marefu ndiyo njia ya kawaida. Mbio za Tevis Cup za California zilianza mwaka 1955, na farasi hutakiwa kumaliza maili 100, yaani kilomita 160, ndani ya saa 24. Usiku wa kuamkia mbio hizo uwanja wa kuanzia huwa umejaa matrela, farasi wamesimama pembeni wakitafuna majani.

Ajali nyingi za kambini zina chanzo kimoja: farasi anatishika, anavuta kamba, kisha kuna kitu kinachokatika, kinachopinda au kinachomnasa. Kwa hiyo mahali pa kuegesha, pete ya kufungia, urefu wa kamba na aina ya fundo hupimwa kwa swali lile lile: itakuwaje farasi akivuta kwa nguvu zake zote? Jambo la pili ni muda. Mpango unaofaa kwa saa moja, wakati wa kutandika au kumsugua farasi kwa brashi, mara nyingi haufai kwa usiku mzima, na makosa mengi huzaliwa pale mtu anapouacha mpango wa saa moja uendelee hadi asubuhi.

Kwa nini farasi huvuta

Farasi ni mnyama wa kukimbia. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa sehemu ndogo mbele ya paji la uso na nyingine nyuma ya mkia. Akishtuliwa na turubai linalopigwa na upepo, mbwa au mlango uliofungwa kwa kishindo, hurudi nyuma kwanza na kuchunguza baadaye. Akiwa amefungwa, kurudi nyuma kunaikaza hatamu kisogoni, na farasi ambaye hajafundishwa hujibu mkazo huo kwa kusukumana nao. Kadiri kamba inavyombana ndivyo anavyozidi kuvuta, hadi miguu ya nyuma iteleze na mwili wote uning'inie kwenye shingo. Farasi wa kupanda ana uzito wa kilo 450 hadi 500 hivi. Hali hiyo inaweza kumuumiza misuli na mifupa ya shingo. Kitu kikikatika ghafla huanguka chali, pengine kisogo kikitangulia kugonga ardhi.

Dawa ya tatizo hili hutengenezwa nyumbani, wiki nyingi kabla ya safari. Farasi hufundishwa kwanza kushusha kichwa na kusogea mbele kila anapohisi mkazo wa hatamu, mkono wa mtu ukiwa ndio kifungio. Akishaelewa hilo husimamishwa akiwa amefungwa kwa dakika chache, kisha nusu saa, kisha saa kadhaa, mtu akiwa karibu. Hatua ya mwisho ni kulala usiku mmoja au miwili kwenye trela lile lile litakalotumika, likiwa limeegeshwa uani, na vifaa vile vile. Farasi anayepaparika akiwa nyumbani, katikati ya wenzake anaowajua, hatatulia porini. Mwenye farasi wa namna hiyo anapaswa kupanga malazi mengine, na hilo si aibu kwake wala kwa mnyama.

Kuegesha na kukagua trela

Trela hubaki limeunganishwa na gari wakati wote farasi akiwa amefungwa. Trela tupu la farasi wawili lina uzito wa kiasi cha tani moja hadi tani moja na nusu. Uzito huo unaonekana mkubwa, lakini likiwa limesimama kwa jeki yake tu, farasi mmoja aliyepania anaweza kulisogeza, na wawili wakivuta pamoja wanaweza kulizungusha. Trela likianza kutembea, farasi huona kwamba jitu la bati linamfuata, na hofu yake haina tena mwisho. Gari huwekwa breki ya mkono, na magurudumu ya trela hutiwa kabari mbele na nyuma. Kama ni lazima gari liondoke kambini, farasi hufunguliwa kwanza na kuhamishiwa mahali pengine au kushikwa na mtu.

Ardhi inayofaa ni tambarare, kavu, isiyo na mawe makubwa, chupa zilizovunjika wala vipande vya seng'enge. Kivuli cha mchana kinapaswa kukadiriwa mapema, maana upande wenye kivuli saa tatu asubuhi huchomwa na jua saa tisa alasiri. Matawi makavu juu ya kichwa ni sababu ya kutosha ya kutafuta mahali pengine. Trela lisielekezwe hivi kwamba farasi asimame upande wa barabara, wala upande ambao wapita njia na watoto wa kambi jirani watapita nyuma ya mkia wake.

Ukaguzi wa trela hufanywa kwa mkono, si kwa macho pekee. Mtu huupitisha mkono kwenye kila ukingo ambao farasi anaweza kuugusa, kuanzia chini kabisa hadi juu ya kichwa chake. Bati lililochanika, riveti iliyochomoza, ncha ya bawaba na kishikizo cha mlango ni vitu vinavyokata ngozi au kuikamata hatamu. Milango ya chumba cha matandiko hufungwa na kubanwa. Madirisha ya kushusha hufungwa pia, kwa sababu farasi huingiza kichwa, hushtuka na kukiinua pasipo na nafasi. Waya wa taa na ule wa breki ya dharura, zinazopita kati ya trela na gari, hufungwa juu pasipofikiwa na mguu wala meno. Bomba la nguzo lenye tundu, sehemu ya ndani ya madigadi na ukingo wa paa huchunguzwa kama kuna nyigu. Katika miezi ya joto wadudu hao hupenda sana kujenga humo, na farasi aliyefungwa hana pa kuwakimbilia.

Sehemu inayostahili tahadhari kuliko zote ni madigadi na magurudumu. Farasi mwenye njaa au aliyechoka kusubiri hupiga ardhi kwa mguu wa mbele, kwato ikaingia kati ya tairi na madigadi, au ikapanda juu ya madigadi na kushindwa kurudi. Bati la madigadi ni jembamba, na mguu wa farasi kuanzia goti kwenda chini hauna nyama ya kuukinga, ni ngozi, kano na mfupa. Jeraha la dakika moja hapo linaweza kumaliza kazi ya farasi. Ndiyo maana pete ya kufungia huchaguliwa mbali na magurudumu, mbele au nyuma yake, ili mabega ya farasi yasifike usawa wa tairi. Trela fupi lisilotoa nafasi hiyo huzibwa pengo kati ya tairi na madigadi kwa mbao au mpira mgumu, na ukingo wa bati huvikwa mpira uliopasuliwa.

Pete, kimo na urefu wa kamba

Kamba hufungwa kwenye pete iliyowekwa kwa kazi hiyo, yenye boriti ya fremu nyuma yake. Pete iliyopigiwa riveti kwenye bati la ukuta tu hung'oka na kipande cha bati, na hapo farasi anakimbia huku chuma kikimpiga miguuni. Kishikizo cha mlango, bawaba, ngazi, kioo cha pembeni, bampa na kibao cha namba si mahali pa kumfungia mnyama, hata kwa dakika mbili za kwenda kuteka maji.

Kimo cha pete kiwe usawa wa mgongo wa mabega, pale shingo inapoishia, au juu zaidi hadi usawa wa macho. Kwa farasi wengi hiyo ni sentimita 150 hadi 180 kutoka ardhini. Farasi aliyefungwa chini ya kimo hicho huvuta kwa mgongo na miguu yote minne akiwa ameinamisha kichwa, mkao wa kuburuta mzigo, na shingo yake ndiyo inayoumia. Aliyefungwa juu hana nguvu hiyo. Kamba ya juu pia ni vigumu kuikanyaga au kuivusha mguu.

Urefu wa kawaida kati ya pete na hatamu, kwa muda mfupi, ni sentimita 60 hadi 75. Farasi anaweza kugeuza kichwa kutazama nyuma na kula kwenye wavu, lakini hawezi kukipeleka chini hadi kamba imzunguke mguu. Kuna kipimo rahisi. Kamba ikishafungwa kwenye pete, kabla ya kuunganishwa na hatamu, huachwa ining'inie. Kulabu yake ikifika chini ya goti la farasi, ni ndefu mno. Kosa linalotokea mara nyingi ni lile la huruma. Mwenye farasi anamwonea mnyama wake uchungu jioni, anamlegezea kamba ili ale majani yaliyomwagika chini, kisha anakwenda kulala. Usiku farasi anajikuna sikio kwa mguu wa nyuma au anapiga ardhi kwa mguu wa mbele, kamba inaingia nyuma ya kwato, na anapoinua kichwa anajikuta amejifunga mwenyewe. Kamba iliyolegea kidogo ni ya hatari zaidi kuliko fupi.

Hatamu, kamba na fundo

Farasi hafungwi kamwe kwa lijamu. Chuma kilichomo mdomoni kinaweza kumkata ulimi na kumvunja taya akivuta mara moja tu. Hufungwa kwa hatamu isiyo na chuma mdomoni, iliyokaa vizuri, mkanda wa pua ukiwa juu ya tundu za pua kwenye mfupa, na mkanda wa shavu usilegee kiasi cha kwato kupita ndani yake anapojikuna.

Hatamu ya nailoni haikatiki, ya ngozi hukatika mkazo ukizidi, na ya kamba nyembamba haikatiki na inauma zaidi kwa kuwa mkazo wote unakusanyika mahali padogo. Hatamu ya kamba ni nzuri wakati wa kumfundisha na kumwongoza. Kwa usiku kucha, hatamu pana ya ngozi, au ya nailoni yenye kipande cha ngozi kisogoni, ina huruma zaidi.

Kamba ya kuongozea yenye urefu wa mita 2.5 hadi 3 na unene wa kidole gumba inatosha. Ya pamba haichomi mikono wala ngozi ya farasi kama nailoni, ila ikilowa mvua au umande fundo lake huvimba na kukaza. Kulabu iwe ya shaba nzito au ya chuma imara, kwa sababu zile nyepesi za bei nafuu ndizo zinazopasuka kwanza. Zipo pia kulabu maalumu zinazofunguka kwa kuvuta kikoleo, hata kamba ikiwa imekazwa, na hizo hufaa kuwekwa upande wa pete ili mtu asilazimike kuingiza mkono karibu na kichwa cha farasi anayerukaruka.

Fundo linalotakiwa ni la kufyatuka. Mwisho wa kamba hupitishwa ndani ya pete na kutengenezewa duara linalolala juu ya kamba inayokwenda kwa farasi. Mkia wa kamba hukunjwa maradufu, mkunjo ukapitishwa nyuma ya kamba hiyo na kuingizwa ndani ya duara, kisha fundo husukumwa hadi likae karibu na pete. Mkia ukivutwa, fundo lote linaachia. Vidole havipitishwi ndani ya duara wakati wa kufunga, maana farasi akirudi nyuma sekunde hiyo duara linajifunga juu ya kidole. Farasi wengine hujifunza kuuvuta mkia kwa meno. Kwa hao, ncha huingizwa ndani ya mkunjo kama kufuli, na kila mtu kambini aambiwe kwamba ncha hiyo hutolewa kwanza. Fundo la kufyatuka likivutwa kwa uzito wa farasi mzima linaweza kugoma, kwa hiyo kisu kikali cha kukata kamba huwekwa mahali pamoja panapojulikana na wote, si ndani ya begi chini ya kiti cha gari.

Swali la kama kifungio kikatike au kisikatike limewagawa wapanda farasi kwa muda mrefu. Katika mazizi ya Uingereza ni desturi kufunga kamba kwenye kitanzi cha uzi dhaifu ambacho kitakatika farasi akivuta sana. Uzi wa plastiki unaofungia marobota ya majani siku hizi una nguvu nyingi, hivyo huchanwa nyuzi zake zipungue. Wazo hili linafaa sana penye uzio na lango lililofungwa. Kambini, ambako barabara kuu iko mita mia mbili na giza limetanda, farasi aliyekata uzi wake yuko katika hatari kubwa kuliko yule aliyesimama akivuta, na zaidi ya hayo amejifunza kwamba kuvuta kunamfungulia. Uamuzi wa busara ni kutenganisha nyakati: mchana, mtu akiwa karibu, kifungio kinachokatika kinakubalika, usiku, farasi aliyefundishwa vizuri afungwe kwa vifaa imara ambavyo vina mnepo, na yule asiyefundishwa asifungwe kabisa.

Mnepo hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni pete yenye ulimi, ambayo huiacha kamba iteleze taratibu kwa msuguano, na farasi anapoona hakuna ukuta wa kushindana nao hutulia. Ni kifaa kizuri cha kufundishia na cha mchana, lakini usiku kamba inaweza kuteleza hadi ikawa ndefu, na hatari ya miguu inarudi. Ya pili ni kamba yenye mpira. Hii inahitaji uangalifu, kwani mpira uliochakaa ukikatika hurudi kwa kasi ya kupasua jicho. Inayofaa ni ile ambayo mpira umevikwa ala ya utepe mgumu unaouzuia kupita kikomo chake.

Usiku kucha

Farasi husinzia amesimama, kwa msaada wa mpangilio wa kano unaofunga viungo vya miguu bila kuichosha misuli. Usingizi mzito wa ndoto, hata hivyo, haumjii mpaka alale chini. Anahitaji kiasi cha nusu saa hadi saa moja ya usingizi huo kwa siku. Akiukosa usiku mmoja au miwili hataonyesha dalili kubwa, lakini akiukosa siku nyingi mfululizo huanza kuishiwa nguvu magotini akiwa amesimama, na anaweza kuanguka. Kamba ya sentimita 70 haimruhusu kulala chini. Kwa safari ya usiku mmoja inavumilika, ila kwa safari ya wiki nzima, huku akibeba mtu milimani kila siku, ni kumwonea.

Suluhisho linalotumika zaidi katika kambi za masafa marefu ni mkono unaochomoza kutoka juu ya trela. Ni bomba la chuma au faiba lililofungwa kwenye fremu karibu na paa, linalotoka nje umbali wa mita moja na zaidi, na kwenye ncha yake kamba yenye mpira huning'inia. Kwa kuwa kamba inatoka juu, farasi anaweza kugeuka, kula chini, kulala na hata kujigaragaza bila kuikanyaga. Urefu hupimwa kwa midomo: ifike ardhini, na kamba isibaki na ziada ya kulala chini. Kati ya kamba na hatamu huwekwa kiungo kinachozunguka ili isisokotane. Mkono huo lazima ushikwe na boriti ya fremu, kamwe si na bati. Farasi anatakiwa kuuzoea nyumbani, kwa sababu kitu kinachocheza juu ya kichwa humtisha mwanzoni. Nafasi inayouzunguka iwe tupu kwa urefu wa mwili mzima wa farasi, yaani hakuna kiti, jiko wala hema.

Penye miti, kamba ya juu ni njia nzuri pengine kuliko zote. Kamba imara hukazwa kati ya miti miwili mikubwa iliyo hai, juu ya mita mbili, na miti huvikwa mikanda mipana isichubuliwe gome. Farasi huunganishwa kwenye kamba hiyo mbali na shina, mita nne hadi tano kati ya mmoja na mwingine. Hata katika safari za farasi za Maasai Mara nchini Kenya farasi hufungwa kambini kwenye mistari ya kamba, huku walinzi wakikesha kwa sababu ya simba. Kuikaza kamba ya namna hiyo kati ya matrela mawili kunawezekana, mradi yote mawili yameunganishwa na magari yake. Uzio wa paneli za chuma unaobebwa ubavuni mwa trela humpa farasi uhuru zaidi, ila paneli nyepesi farasi aliyetishika huzibeba zote kifuani, hivyo kona moja hufungwa kwenye fremu ya trela. Ua wa umeme wa betri ni wa farasi anayeuheshimu tayari.

Njia yoyote itakayotumika, farasi haachwi peke yake kambini, na hukaguliwa kabla watu hawajalala na mara moja zaidi usiku. Hema la mwenyewe liwe karibu kiasi cha kusikia kwato zikipiga bati, lakini nje ya eneo ambalo farasi aliyefunguka atapita akikimbia. Tochi ya kichwani iwekwe karibu na viatu.

Majani na maji

Wavu wa majani ndio mtego mwingine mkubwa. Ukiwa umejaa hukaa juu vizuri, lakini ukiisha hurefuka na kushuka, na farasi mwenye viatu vya chuma hunasa kiatu kwenye tundu zake. Kwa hiyo hufungwa juu, kamba yake ikapitishwa chini ya wavu na kurudishwa kwenye pete ili uwe mfupi hata ukiwa mtupu. Kipimo ni wavu mtupu usishuke chini ya kifua. Wenye tundu ndogo una faida ya kumchelewesha, na farasi anayetafuna polepole usiku kucha hana muda wa kupiga madigadi. Farasi wa kilo 450 anahitaji kilo 7 hadi 9 za majani makavu kwa siku. Katika misitu ya taifa ya majimbo mengi ya magharibi mwa Marekani majani hayo lazima yawe yamethibitishwa kuwa hayana mbegu za magugu.

Maji yawe mbele yake daima. Farasi hunywa lita 20 hadi 40 kwa siku, na wengi hukataa maji yenye ladha ngeni, jambo linaloweza kuleta msokoto wa tumbo. Baadhi ya wenye farasi humzoesha mnyama maji yenye tufaha au molasi kidogo tangu nyumbani, ili ladha ifanane kote. Ndoo hufungwa kwenye kimo cha kifua na kipini chake hugeuzwa upande wa trela au kutolewa kabisa, kwa kuwa hatamu hunasa kwenye ndoano zake. Kulabu wazi ya kutundikia ndoo ni hatari kwa jicho na kope. Ifungwe mdomo kwa utepe.

Farasi zaidi ya mmoja

Farasi wanaojuana na kuelewana wanaweza kufungwa upande mmoja wa trela ikiwa kamba zao hazikutani na wala hawafikiani kwa teke. Wasioelewana, au jike na dume, hutengwa kwa trela lenyewe, mmoja kila upande. Farasi wa watu wasiojulikana hawasogezwi pua kwa pua hata wakionekana wapole, wala hawanywi ndoo moja. Sababu ni maambukizi: mwaka 2011 virusi vya herpesi ya farasi vilienea katika majimbo kadhaa ya magharibi mwa Marekani kutokana na mashindano yaliyofanyika Ogden, Utah. Trela likiegeshwa sambamba na la jirani, nafasi kati yao iwe kubwa kiasi kwamba farasi wa pande zote wakirudi nyuma pamoja wasigongane.

Wenzake wakiondolewa kwenda matembezini, farasi anayebaki hupaparika kuliko wakati mwingine wowote. Abaki na mwenzake mmoja, au na mtu.

Akinaswa, akitoroka

Farasi akianza kuvuta, mtu hasimami mbele yake wala kati yake na trela. Humwendea kwa pembeni, usawa wa bega, akizungumza naye kwa sauti ya kawaida. Akiweza kumfanya asogee mbele hatua moja, kamba italegea na fundo litafunguka. Kumpigia kelele au kumvuta kwa mbele huongeza hofu. Kamba iliyogoma hukatwa karibu na pete, mkataji akiwa upande ambao farasi hataruka kuelekea kwake.

Mguu ukinaswa kwenye wavu au madigadi, kazi ya kwanza ni kumtuliza kichwa, na ya pili ni kulegeza kilichomnasa, si kuuvuta mguu. Farasi aliyeanguka chini ya trela huendewa kwa upande wa mgongo, kamwe si upande wa miguu. Namba ya daktari wa mifugo aliye karibu na kambi hutafutwa kabla ya safari, kwa sababu katika kambi nyingi za milimani simu hazishiki.

Farasi aliyetoroka mara nyingi hubaki karibu ikiwa wenzake bado wamefungwa, basi hao wasiondolewe. Mtu mmoja humfuata polepole akitikisa nafaka ndani ya ndoo, wengine wakienda kuzuia njia ya barabara bila kumkimbiza. Kibao kidogo kwenye hatamu chenye namba ya simu na jina la kambi humsaidia mgeni atakayemkuta asubuhi. Utepe unaoakisi mwanga, kwenye hatamu hiyo hiyo, humwonyesha dereva.

Kuondoka

Asubuhi ya kuondoka farasi hukaguliwa miguu yote minne, kisogo na kope, maana mikwaruzo ya usiku haionekani kwa mwanga wa tochi. Pete, kulabu na mikono ya trela huangaliwa kama vimepinda. Samadi na mabaki ya majani hukusanywa na kubebwa au kutawanywa kulingana na kanuni za eneo, na mashimo yaliyochimbwa kwa kwato hufukiwa. Katika maeneo mengi ya pori la Marekani farasi hatakiwi kufungwa ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au ziwa, hivyo alama zake zisionekane huko.

Wakati wa kupakia, mlango au upau wa nyuma hufungwa kwanza, ndipo kichwa kifungwe. Wakati wa kushusha, kichwa hufunguliwa kwanza, ndipo mlango wa nyuma ufunguliwe. Farasi anayeona njia wazi nyuma yake hurudi nyuma mara moja, na akikuta kamba ingali imemshika, atavuta ndani ya trela kama vile angevuta nje, paa likiwa juu ya kichwa chake na ukuta pande zote mbili.